Saini ya Plaiwudi

Baba mkwe wangu hajawahi kuandika herufi ndogo kuliko kiganja chake, na mtu huyohuyo ndiye aliyepewa kazi ya kutengeneza saini ya barua pepe ya kampuni yangu. Nasema "aliyepewa" kwa heshima tu. Ukweli ni kwamba aliichukua mwenyewe, mezani, wakati mdomo wangu umejaa chakula na siwezi kusema hapana.

Kabla hujanicheka, ngoja nikueleze ni mtu wa namna gani. Mji mzima unamwita Brashi. Kwa miaka arobaini na kitu alichora mabango ya maduka: vinyozi, wauza magodoro, mafundi saa, chuo cha udereva, hata mlango wa mahakama. Vichwa vyote vya vinyozi alivyochora vina sikio moja lilelile. Ni sikio lake, kwa sababu ndilo alilokuwa akiliona kwenye kioo cha kunyolea. Kuku aliyemchora kwenye bucha ya sokoni anafanana na mwenye bucha, na mwenye bucha hajajua mpaka leo. Sisi wote tunaombea asije akaambiwa.

Ana sheria zake. Bango lazima lisomwe na mtu mwenye haraka, aliyesahau miwani nyumbani, kutoka ng'ambo ya barabara. Herufi hazianzi kushoto. Unazihesabu kwanza, unaanza na ya katikati, kisha unatanuka pande zote mbili. Ujanani alianza kushoto mara moja tu, kwenye duka la dawa, nafasi ikamwishia, na herufi mbili za mwisho zikabanana pembeni hadi zikapandana. Duka lile bado lipo. Brashi akienda mjini huzunguka mtaa wa nyuma ili asilione.

Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Leo unaagiza, kesho unatundika, na kila duka likawa na picha ya mtu asiyemjua mtu yeyote mjini, anacheka. Brashi alipokosa kazi alihamia kwetu na ngazi mbili, sanduku la bati lenye brashi zake, na suruali iliyojaa rangi za kila duka la mji huu. Mikono haikutulia. Ndani ya mwezi mmoja tangi letu lilikuwa limeandikwa MAJI, mlango wa jiko JIKO, na ngazi yenyewe NGAZI, kana kwamba tungeweza kuidhania kitanda. Jumapili moja mume wangu alisinzia kwenye kochi, akaamka akamkuta baba yake amesimama mbele yake na brashi mkononi, anamtazama. Tangu siku hiyo hulala chumbani na mlango ameufunga.

Mimi ni fundi wa majokofu. Wateja wananiita Mama Barafu. Kampuni inaitwa Baridi ya Uhakika, na wafanyakazi wake ni mimi, spana zangu, pampu moja na karakana ya mabati nyuma ya nyumba. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu, mtu mwerevu sana katika kila jambo ambalo halihitajiki. Kazi yangu anaipenda na huisifia kwa kila mtu. Baba yake je? Miaka tisa ndani ya nyumba moja, hajawahi kusema neno. Ananiona napanda paa la watu na kamba kiunoni, ananiona narudi nanuka mafuta, anatazama, kisha anarudia kopo lake la rangi. Niliamini kwamba ananionea aibu. Kuuliza nisingeweza; baba mkwe haulizwi maswali kama yale. Mazungumzo yetu yalikuwa shikamoo, marahaba, chai tayari baba, asante mama. Miaka tisa ya chai tayari.

Sasa sikiliza kilichonipata. Kiwanda cha maziwa kilitangaza zabuni ya kutunza vyumba vyake vitatu vya baridi, kila kimoja kikubwa kuliko nyumba yetu. Nilikitaka kile kitu kuliko chochote. Ningekipata, ningeachana na friji za soda zenye mende, ningeajiri fundi wa pili, na watu wangeacha kuniuliza kwenye simu kama mume wangu yupo ili aje atengeneze. Nikawaandikia barua pepe kwa simu yangu, haraka haraka, nikiwa juu ya paa la mtu. Jibu likaja Jumatatu kutoka kwa mkuu wa manunuzi, ambaye tangu hapo namwita Bwana Manunuzi. Alisema ofa rasmi ifike kabla ya Alhamisi saa sita mchana, na barua iwe na saini ya kampuni: jina, cheo, simu, anwani. Akamalizia hivi: "Barua yako ya kwanza ilikuwa na maneno 'Imetumwa kutoka kwenye simu yangu.' Hatufanyi kazi na simu. Tunafanya kazi na watu."

Yaliniuma, maana alikuwa na haki. Mchana huo nikamsomea mume wangu mezani. Kabla hajafungua mdomo, sauti ikatoka upande wa pili wa meza.

"Saini ya kampuni? Nani anaichora?"

Nilikuwa na tonge. Nikatafuna haraka kuliko nilivyowahi kutafuna maishani.

"Basi nimeipokea," alisema Brashi, akanawa mikono, akaondoka.

Saa tisa alasiri alinifuata karakanani na daftari lake, penseli nyuma ya lile sikio maarufu. Akaketi juu ya ndoo, akafungua ukurasa mpya.

"Mama, litasomwa kutoka umbali gani?"

"Si bango hasa, baba. Ni maneno machache chini ya barua, kwenye kompyuta."

"Sawa. Umbali gani?"

Nikapima hewani kwa mikono. "Kama nusu mita."

Penseli ikasimama. "Nusu mita? Msomaji amegonga mlango kwa pua?"

"Amekaa, baba. Amekaa kwenye kiti mbele yake."

"Amekaa!" Akanitazama nione kama namtania. Miaka arobaini aliwachorea watu wanaopita, wanaokimbia, wanaoendesha baiskeli na mzigo. Mtu aliyekaa hakuwa kwenye hesabu zake. "Haya. Anakuja kutoka upande gani, kulia au kushoto?"

"Anatoka juu. Anasoma barua kwanza, ndipo anashuka mpaka kwenye saini."

"Anatoka juu," alirudia, akaandika polepole: GHOROFANI. "Jua linalipiga?"

"Hapana, baba."

"Mvua?"

"Hapana."

"Basi rangi itadumu," alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana kuridhika na mteja wangu.

Nikampa kikaratasi chenye mistari minne ambayo Bwana Manunuzi aliitaka. Alikisoma mbele, akakigeuza nyuma kutafuta mengine, hakuyaona.

"Hivi tu? Na mtu atajuaje kwamba unauza baridi?"

Hapo ndipo mwanamke mwenye akili timamu angesema, baba, tafadhali, hii kazi si yako. Mimi nashika nyaya zenye umeme kwa kidole ili kujua kama zina moto. Lakini mbele ya mzee yule na penseli yake nilijikuta nasema, "Ndiyo, baba. Fanya unavyoona inafaa." Nikajichukia papo hapo.

Alifanya alivyoona inafaa. Alichukua mlango wa kabati la zamani, plaiwudi ya futi nne kwa tatu, akaupiga rangi nyeupe mara mbili. Jumanne nzima alichora, na Jumatano asubuhi nilipotoka kuchukua kopo la gesi niliuona ubao umesimama uani, unang'aa. BARIDI YA UHAKIKA, herufi nyekundu zenye kivuli cha buluu, kila moja imekaliwa na theluji. Chini yake jokofu limefunguliwa mlango, ndani mna maziwa, samaki, tikiti maji lililokatwa, na kiatu kimoja. Upande wa kushoto mkono mkubwa wenye kucha safi unaonyesha kidole nje ya ubao, kwa sababu ukitokea sokoni karakana yetu iko kushoto. Kisha cheo changu, MKURUGENZI NA FUNDI MKUU, kisha namba yangu ya simu, kisha anwani. Na kwa kuwa kila bango lililowahi kusimama karibu na geti limeandikwa hivyo, chini kabisa palikuwa na mstari mweusi uliokolea: USIEGESHE GARI HAPA.

Pembeni, chini kulia, kwa herufi ndogo sana kwa kipimo chake, palikuwa na alama ya mchoraji kama ilivyo kwenye mabango yake yote: "Brashi", na namba yake ya simu. Namba hiyo haijapigwa na mteja tangu mashine zije, lakini hajawahi kuacha kuiandika.

Nikaenda kumtafuta mume wangu. Alikuwa anafunga viatu aende shuleni.

"Mwambie baba yako."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba barua pepe haina maegesho! Haina kiatu! Haina kidole! Mwambie ni mistari minne tu."

"Mwambie wewe. Wewe ndiye mteja."

"Mimi ni mke wa mwanawe. Wewe ndiye mwanawe wa kumzaa, nenda."

Akapiga moyo konde, akatoka kifua mbele. Mimi nikachungulia dirishani. Nilimwona akisimama mbele ya ubao, mikono nyuma, kama anakagua daftari la mwanafunzi. Mdomo ukafunguka, ukafungika, ukafunguka tena. Baba yake akaonyesha kitu kwa ncha ya brashi. Mume wangu akatikisa kichwa juu na chini, akarudi.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia imependeza."

"Kwa hiyo ulienda kumvika kilemba cha ukoka!"

"Ungemwona macho, mke wangu." Alikaa kitandani, kiatu kimoja bado hakijafungwa. "Hajachora kitu cha mteja kwa miaka tisa. Ameniambia usiku hakulala kwa kufikiria ile theluji. Nimemuuliza kuhusu kiatu, akasema kuna nafasi ilibaki tupu, na nafasi tupu inamtia aibu mchoraji."

Hasira ilikuwepo, ila haikuwa na pa kushika. Nilikuwa na mpango wangu: nitapiga picha ya ubao kumridhisha mzee, kisha barua yenyewe nitaituma na mistari minne mitupu, naye hatajua. Mpango mzuri. Tatizo likaja jioni ile, mume wangu alipokwisha kurudi kutoka shuleni. Nikiwa naweka simu tayari kwa picha, Brashi akauliza, "Tunatundika kesho saa ngapi?"

Hajawahi kukosa kutundikwa kwa bango lake hata moja. Hushika ngazi mwenyewe.

Picha nayo ilikuwa vita. Ukiuegemeza ubao ukutani, rangi mbichi inarudisha jua, huoni kitu. Ikabidi mume wangu aushike, asimame kivulini pembeni ya tangi. Ubao ulimfunika kuanzia puani hadi magotini. Nikasema nitakata pembe ili zibaki herufi tu. Brashi akainua mkono: "Ukikata ukingo, umekata kazi ya mtu." Hivyo picha ikabaki kamili: macho ya mume wangu juu, vidole vyake pembeni, kandambili zake chini, na nyuma yake neno MAJI. Halafu yule mwerevu akakaa kwenye kompyuta na kuipanga ile picha ijibandike yenyewe chini ya kila barua pepe nitakayotuma, ili, alisema, nisisumbuke.

Alhamisi saa nne asubuhi Brashi alikuja chumba cha mbele amevaa shati lililopigwa pasi, nyundo imechomekwa kwenye mkanda. Sikumuuliza nyundo ni ya nini. Alisimama nyuma ya kiti changu. Ofa yangu ilikuwa kurasa tatu. Nilikuwa nimeiandika kwa siku nne, kila kipimo, kila ratiba, na nilijua kuwa ni nzuri. Mwishoni niliandika, "Mawasiliano yangu yote yako kwenye saini hapa chini."

"Bonyeza," alisema nyuma yangu, kwa sauti ya chini.

Nikabonyeza. Kompyuta ilifikiri muda mrefu kuliko kawaida yake, halafu ikasema imetuma. Brashi akanipa mkono. Tulikuwa hatujawahi kupeana mkono tangu siku ya harusi. Akatoka, nyundo inagonga paja, nami nikajiona msaliti, maana nilishapanga la kufanya akitoka tu.

Nikaandika barua ya pili: "Samahani sana. Tafadhali puuza picha iliyo chini ya barua yangu. Saini sahihi ni hii." Nikaweka mistari minne, safi, myeusi, bila hata kuisoma tena. Nikabonyeza. Ndipo nikaona chini ya ile mistari minne ubao mzima, macho ya mume wangu, kandambili na yote. Nikaandika ya tatu: "Samahani tena. Picha hii inajituma yenyewe." Na kweli ikajituma. Nikampigia mume wangu; simu imezimwa, yuko darasani. Nikaandika ya nne yenye neno moja tu, "Samahani," na hiyo ndiyo ikawa mbaya kupita zote, maana sasa ilionekana nimemwandikia mtu mkubwa wa kiwanda kumwomba radhi na hapohapo namkataza kuegesha gari. Nilipojaribu ya tano, jibu likaja kutoka kwenye mashine: sanduku la barua la mpokeaji limejaa.

Nilikaa chini sakafuni. Nilimkasirikia mume wangu, na plaiwudi, na mtu aliyebuni kompyuta. Zaidi ya wote nilijikasirikia mimi, kwa sababu zabuni ile sikuipoteza kwa kutojua kazi. Niliipoteza kwa kushindwa kumwambia mzee mmoja maneno mawili. Ijumaa simu yangu haikulia hata mara moja. Nilimaliza siku nikifumua friji ya soda na kuwapukuta mende.

Jumamosi asubuhi, nikiwa nimelala chali chini ya jokofu, nikasikia mtu anabisha hodi kwenye geti. Nilitoka na bisibisi mkononi. Alikuwa bwana mfupi mwenye miwani mikubwa na viatu vilivyong'arishwa, anachungulia huku na huku.

"Hapa ni Baridi ya Uhakika?"

"Ndipo. Karibu."

"Gari nimeliacha kule chini kwenye kona," alisema. "Nimeonywa nisiegeshe hapa. Mara nne."

Alikuwa Bwana Manunuzi mwenyewe. Nilijifuta mikono kwenye suruali, nikazidi kuichafua. Nilianza kuomba radhi kwa ile picha, kwa ya pili, kwa ya tatu, akanizuia.

"Ofa yako niliisoma kabla sanduku halijajaa. Ni nzuri. Nikataka kukuuliza maswali machache, kumbe namba yako haikamiliki. Kwenye ile mistari minne umesahau tarakimu ya mwisho, na kwenye picha kuna dole gumba juu ya tarakimu mbili za mwisho." Alitoa simu yake, akanionyesha, na kweli, dole la mume wangu lilikuwa limekaa pale pale, nene, limetulia. "Namba nzima iliyokuwepo ni ile ya pembeni. Basi jana nikaipiga. Akapokea mzee."

Niligeuka. Brashi alikuwa ng'ambo ya uani, ameipa mgongo dunia, anaupiga rangi mguu wa meza kwa umakini ambao mguu wa meza hauuhitaji.

"Baba alipokea... alikwambia nini?" nilimuuliza mgeni.

"Nusu saa nzima alinieleza. Nilimuuliza fundi ana uzoefu gani. Akasema, 'Huwa anaweka bisibisi kwenye kompresa na mpini wake sikioni, anasikiliza, na kabla hajafungua anajua kilichovunjika. Nimemhesabia. Hajakosea mwaka huu.' Nikamuuliza kama mna dhamana ya kazi. Akasema hajui dhamana ni nini, ila mwaka jana ulirudi kwenye bucha moja, mvua inanyesha, ukapanda paa kukaza nati moja ambayo mteja mwenyewe hakuilalamikia. Akasema watu wanaorudia kazi isiyolalamikiwa anawajua wawili tu mjini hapa, na wa pili ni yeye."

Sikujua kama siku ile ya mvua kuna mtu alikuwa ananitazama.

Wakati huo mume wangu akatoka ndani na kikombe cha chai, kandambili zilezile miguuni. Bwana Manunuzi akazitazama kandambili, akayatazama macho, akafurahi kama amekutana na ndugu.

"Ahaa! Wewe ndiye mkwe!"

"Mkwe?" mume wangu aliuliza.

"Mzee alinieleza familia yote. Fundi ni mwanawe, binti yake. Na mkwewe ni mwalimu, mtu mpole, hana neno na mtu, ila kubadilisha balbu hawezi." Akampa mkono. "Hongera, umeoa kwenye nyumba ya mafundi."

Mume wangu alibaki na mkono wake ndani ya mkono wa mgeni na mdomo wazi. Akamtazama baba yake mzazi. Baba yake mzazi akachovya brashi kwenye kopo. "Si umekuja kuangalia karakana?" alimwuliza Bwana Manunuzi bila kugeuka. "Iko kushoto."

Nilimwonyesha mgeni karakana, vipimo, pampu, daftari la matengenezo. Maswali yake niliyajibu yote, ingawa sauti ilikuwa inanitoka puani na ilibidi nijifanye vumbi limeniingia machoni. Alisema nitaanza na chumba kimoja kwa miezi mitatu; kikikaa sawa, vitafuata viwili. Mlangoni akageuka. "Lakini ile saini, tafadhali. Fundi wetu wa kompyuta ameomba niongee na wewe kama mtu mzima."

Alipokwenda zake, mume wangu alikuwa bado amesimama uani. "Mimi ndiye mkwe," alisema, akaingia ndani.

Nikavuka uani hadi kwenye meza. Miguu mitatu ilikuwa imeshapigwa rangi. Nilisimama mpaka akaniona.

"Baba."

"Naam."

"Ile saini ni kubwa mno. Inaziba masanduku ya watu. Na hairudi tena kwenye barua zangu."

Aliweka brashi chini. Nilijua sasa nimemvunja moyo, na nilikuwa tayari, ila maneno sikuyarudisha.

"Nilikuwa nakungoja useme," alisema. "Unashika umeme kwa mikono, halafu unaniogopa mimi?"

"Si kuogopa, baba. Ni heshima."

"Heshima ya kuniacha nitie kiatu kwenye friji? Mtoto wangu angenizuia." Alivuta ndoo akakaa, akatoa penseli nyuma ya sikio. "Haya. Unataka nini?"

"Mistari minne. Herufi nyeusi."

"Nyeusi tupu?"

"Tupu."

"Kivuli kidogo tu cha buluu."

"Hapana, baba."

"Wewe hujui rangi! Jina bila kivuli linaelea!"

"Na wewe hujui kompyuta! Lielee!"

Tulipandishiana sauti hadi mume wangu akaja kufunga dirisha, majirani wanasikia. Tulibishana mpaka chakula cha mchana kikapoa mezani. Mistari ikabaki minne, herufi nyeusi, kivuli hakuna. Juu yake kuna mstari mmoja mwembamba wa buluu, maana alikataa kabisa kuondoka bila huo, na mimi nilikuwa nimechoka na nina furaha.